Majirani Court 5: Mbwa Bosco hasimami

Mama Tasha: Jamani samahani kwa kusumbua saa hii. Kuna mtu ameona Bosco akila kitu huko nje leo? Nimetoka kazi nimempata amelala nyuma ya tanki hata mkia hakutingisha, chakula cha asubuhi kiko vile vile nzi wamejaa

Kevo No. 9: Bosco?? huyo hubweka hadi upepo. kuna kitu si poa hapo

Mama Njeri: Woi pole sana. Hiyo ni sumu. Si wiki jana wezi waliruka ukuta court 3, wanamalizana na mbwa kwanza alafu wanarudi kwa nyumba. Mpe maziwa haraka nusu lita na mayai mabichi mawili uchanganye

Soja Wafula: Mimi niko geti toka asubui hakuna mtu ametupa kitu. Lakini hata jana Bosco hakuwa sawa, nilimwita akatembea pole pole akalala tena

Mama Tasha: Wafula mbona hukuniambia

Soja Wafula: Nilidhani ni joto mama

Mama Njeri: Maziwa Mama Tasha. Usingoje

Akinyi Agrovet: Mama Tasha usimpe kitu chochote mdomoni tafadhali, wala maziwa wala mafuta wala mayai. Maziwa hayaondoi sumu Mama Njeri, na mbwa amelegea hivyo ukimmwagilia kwa nguvu inaingia mapafuni, sasa unakuwa na magonjwa mawili. Ako na chanjo ya kichaa? Jibu hiyo kwanza kabla hujamshika

Mama Tasha: Ndio alidungwa mwezi wa tatu, kadi ninayo

Akinyi: Na hajaumana na mbwa wa nje, hajabadilika tabia, hatoki mate?

Mama Tasha: Hapana ni mpole tu. Mpole kupita kiasi

Akinyi: Sawa. Washa tochi ya simu, usimfungue mdomo, inua tu mdomo wa juu kwa pembeni uone fizi ziko rangi gani. Alafu bonyeza fizi na kidole mpaka iwe nyeupe, achilia, uone inachukua muda gani kurudi. Kwa mbwa mzima inarudi kabla sekunde mbili ziishe

Kevo No. 9: Akinyi si ungekuja tu

Akinyi: Niko Nyeri kwa mazishi Kevo. Na mimi ni wa duka la dawa, si veti, hii ninayouliza ndio ile veti atauliza akishika simu

Treasurer Court 5: Hello members. Kindly mkumbuke pesa ya takataka ni leo mwisho

Kevo No. 9: treasurer aki 😭

Mama Tasha: Nimeangalia. Si pinki. Ni kama nyeupe hivi na kuna unjano kidogo kwa pembeni. Hata nikibonyeza sioni tofauti kwa sababu tayari ni nyeupe

Akinyi: Macho je, ile sehemu nyeupe

Mama Tasha: Pia ina unjano. Ama ni hii tochi

Akinyi: Piga picha karibu na taa ya nje. Tumbo liko aje? Limevimba, gumu? Anajaribu kutapika na hakuna kitu kinatoka?

Mama Tasha: Tumbo ni kawaida. Hajatapika

Akinyi: Hiyo ni nzuri. Mbwa mkubwa wa kifua kirefu kama Bosco tumbo likivimba ghafla na anajikamua kutapika bila kutoa kitu ni tumbo limejipinda, hapo hata hatungekuwa tunaandika saa hii mngekuwa barabarani. Anatetemeka misuli? Mboni za macho zimekuwa ndogo kabisa? Mate, kuharisha?

Mama Tasha: Hakuna. Amelala tu anapumua haraka

Akinyi: Basi hiyo si kama ile sumu ya dawa ya mazao ambayo watu hutupa kwa nyama. Ile inakuja kwa kishindo, mate yanamwagika, anatapika, anaharisha, misuli inarukaruka, mara nyingi ni ndani ya masaa machache, haichukui siku mbili mbwa anatembea pole pole. Na ya panya nyingi huchukua siku kadhaa ndio mbwa aanze kutoka damu, sasa hiyo sijaiondoa kabisa. Kuna damu kwa pua, kwa fizi, madoa mekundu kwa ngozi ya tumbo?

Mama Tasha: Sijaona

Mama Njeri: Mimi bado nasema ni watu

Kevo No. 9: mpe panadol ashushe joto basi tukingoja

Akinyi: KEVO HAPANA. Panadol, brufen, diclofenac, zote za watu hizo weka mbali na mbwa. Mwingine anauliwa na dawa si ugonjwa

Mama Tasha: Jumamosi yule kijana wa kukata nyasi alimuosha na ile dawa ya kupe ya ng'ombe kwa sababu alikuwa na kupe wengi tangu turudi shags. Inaweza kuwa hiyo?

Akinyi: Hiyo ikimzidi inamlegeza kweli na mapigo ya moyo yanakuwa pole pole, lakini inaanza siku hiyo hiyo, leo ni Jumatano. Na haimfanyi kuwa njano. Mlirudi shags lini?

Mama Tasha: Baada ya krismasi, kama wiki mbili na kitu. Tulimbeba tukaenda naye Kajiado akalala na mbuzi

Akinyi: Sasa niambie mkojo. Kuna mahali amekojoa?

Mama Tasha: Sijui. Ngoja niangalie huko nyuma

Soja Wafula: Kuna mahali kwa simiti karibu na bomba. Nilimwaga maji asubui nikidhani ni mtu amemwaga chai ya strungi

Mama Tasha: Amekojoa sasa hivi nikimgusa. Nimetuma picha. Jamani hii ni rangi gani

Kevo No. 9: wueh

Mzee Mutua: Nimekuwa nikisoma tu. Mama Tasha, sisi kwetu Makueni ng'ombe akikojoa hivyo hatukuuliza mara mbili. Ni kupe. Damu inapasuka ndani ya mwili ndio inatoka na mkojo. Tulikuwa tunamdunga ile dawa ya unga ya manjano unayochanganya na maji na kesho yake anakula. Bado nina paketi moja kwa nyumba, nyumba yangu No. 17, mtu aje achukue

Akinyi: Mzee wangu asante, hapo kwa kupe hata mimi nakisia hivyo, ni jamii moja na hiyo ya ng'ombe. Lakini ile sindano kwa heshima tusiitumie hapa. Kwa ng'ombe ukikosea kidogo kipimo anavumilia, mbwa ukizidisha inamwingia kwa ubongo, anaanza kuyumba na kutetemeka na hiyo hairudi. Wanatumia dawa hiyo hata kwa mbwa lakini ni kwa kilo, mbwa amewekwa kwa mizani. Na hatujui hata kama ni kupe, tunakisia na picha ya mkojo

Mzee Mutua: Sawa binti yangu. Nimeelewa. Hiyo ya mizani hatukuwa nayo

Mama Tasha: Basi nimpeleke asubuhi? Baba Tasha ako na gari Nakuru anarudi kesho saa nne. Anakunywa maji kidogo nikimletea karibu na mdomo

Akinyi: Hebu hesabu pumzi kwanza, kifua kikipanda na kushuka ni moja, angalia saa nusu dakika alafu uzidishe mara mbili

Mama Tasha: 27 kwa nusu dakika

Akinyi: 54. Mbwa amelala hajakimbia, anatakiwa awe kati ya 10 na 30 hivi. Mama Tasha nitakuambia vile naona. Kama angekuwa tu amekataa chakula, fizi pinki, anasimama akiitwa, hata kama ametapika mara moja, ningekuambia lala naye karibu umwangalie mpelekeni asubuhi mapema. Mbwa hukataa chakula kwa sababu nyingi, hata wangu hukataa. Lakini nyeupe kwa fizi, mkojo rangi hiyo, pumzi 54 na hasimami, hizo zote pamoja zinasema damu inaisha, na kupumua haraka ni mwili unatafuta hewa ambayo damu haibebi. Huyo usiku ni mrefu kwake. Usingoje gari ya Baba Tasha

Mama Njeri: Kwani ni kwenda KSPCA, wale wa kutunza wanyama?

Akinyi: Hao wako Karen Lang'ata Road, kutoka huku Umoja ni kuvuka mji mzima. Kuna kliniki ya karibu ina daktari wa usiku, namtumia Mama Tasha namba pembeni. Piga simu KABLA ya kutoka, useme hivi: mbwa mkubwa, fizi nyeupe na unjano, mkojo wa kahawia, pumzi 54, alitoka Kajiado na kupe wiki mbili zilizopita, ameoshwa na dawa ya kupe Jumamosi. Usianze na ni ugonjwa gani, sema tu unachoona

Mama Tasha: Amepokea. Anasema tuje. Lakini teksi za simu nikisema ni mbwa wanakata, mmoja amesema nilipe kuosha gari kwanza

Kevo No. 9: Baba Ian ako na probox

Baba Ian: Nimetoka kuoga naona meseji 80 😂 sawa nakuja. Hataniuma?

Akinyi: Mgonjwa hata mpole anaweza uma akishtuka Baba Ian. Ila msimfunge mdomo maana anapumua kwa shida. Tandikeni leso ama blanketi chini, msogezeni juu yake, watu wawili mmbebe kama kwa machela, tumbo lisibanwe. Kichwa kisining'inie. Kevo saidia

Kevo No. 9: niko chini tayari. manze ni mzito huyu

Mama Tasha: Tumetoka

Treasurer Court 5: Pole Mama Tasha. Takataka utalipa kesho

—

Mama Tasha: Tumefika. Joto 40.6. Daktari ametoa damu kwa sikio akaweka kwa kioo akaangalia na maikroskopu, akaniita nikaona mwenyewe, kuna vitu vidogo ndani ya chembe za damu viko viwili viwili vimekaa kama machozi yameangaliana. Amesema ni babesia, vidudu vya damu vinaletwa na kupe. Mzee Mutua ulisema ukweli

Mzee Mutua: Mungu asifiwe imejulikana

Akinyi: Damu ni asilimia ngapi, yaani zile chembe nyekundu?

Mama Tasha: 14

Akinyi: Eish. Wa kawaida ni kati ya 37 na 55

Mama Tasha: Amemdunga dawa, amemwekea dripu. Anasema dawa itaua hivyo vidudu lakini damu iliyopasuka imeshapasuka, na ikishuka zaidi usiku huu moyo hautavumilia. Anataka kumwekea damu ya mbwa mwingine. Hawana kwa friji

Kevo No. 9: mbwa huwekewa damu?? kama watu?

Akinyi: Ndio Kevo. Na mara ya kwanza mbwa hawasumbuki sana na makundi ya damu kama sisi, ndio maana inawezekana usiku hivi. Lakini anatakiwa mbwa mkubwa kilo 25 kwenda juu, mzima, mwenye chanjo, si mzee, hajawahi kuwekewa damu yeye mwenyewe, na hana kupe. Hiyo ya mwisho sijui nani kwa hii court ataapa

Mama Njeri: Mimi wangu ni kale kadogo ka mzungu hata kilo tano hakafiki. Lakini Mama Tasha nimekutumia kitu kidogo kwa mpesa, ya dripu

Mama Tasha: Asante sana mama Mungu akubariki

Baba Ian: Niko hapa nje ya kliniki na gari, nikihitajika kurudi kuchukua mbwa niambieni. Daktari amesema akipatikana kabla ya saa sita ni vizuri zaidi

Kevo No. 9: Rex wa Mzee Mutua?

Mzee Mutua: Rex ana miaka minne. Chanjo zote ninazo kwa kitabu. Kilo sijui lakini nikimwinua, gunia la unga la kilo 24 baada yake ni jepesi. Ataumia?

Akinyi: Mzee, kwanza watampima yeye mwenyewe damu, wakiona haitoshi ama ana hivyo vidudu hawatamtoa. Ikiwa sawa watanyoa shingoni, wamlaze, wengine huwapa dawa kidogo ya usingizi. Atachoka leo, kesho atakunywa maji mengi. Wiki chache damu imerudi. Hujalazimishwa lakini

Mzee Mutua: Hapana, najua. Nauliza tu kwa sababu marehemu mke wangu ndiye aliyemlea

Mama Tasha: Mzee kama hutaki nitaelewa kabisa

Mzee Mutua: Nimeshavaa viatu. Baba Ian rudi. Wafula nifungulie geti ndogo na ushike taa, nataka kumkagua kupe hapa kabla hatujaingia kwa gari

Akinyi: Ndani ya masikio Mzee, katikati ya vidole na chini ya mkia. Hapo ndio hujificha. Ukimpata usimponde na kidole, mng'oe na ile ya kung'oa nyusi karibu na ngozi umweke kwa chupa

Soja Wafula: Tumekagua yote. Amepatikana mmoja nyuma ya sikio bado mdogo sana. Mzee anauliza kama bado aende

Akinyi: Aende na amwambie daktari kuna huyo mmoja, chupa abebe. Watamwangalia damu na ndio itasema

Baba Ian: Niko kona ya kwa supermaketi, dakika tatu

Mama Tasha: Bosco amefungua macho nikimwita lakini fizi bado

Soja Wafula: Geti iko wazi. Mzee na Rex wako nje