Kusoma saini ya GAL16V8 iliyofungwa

Swali
Habari zenu wakuu. Ninayo bodi ya mashine ya kutarizi yenye chipu mbili za GAL16V8 (chipu za mantiki zinazoweza kuprogramiwa) zilizobanduka lebo, nami nahitaji kujua ipi ina toleo jipya kabla sijairudisha kwenye soketi. Nimezisoma kwa kifaa cha kuprogramia, lakini fyuzi za mantiki, yaani biti zinazoamua kazi ya chipu, zimetoka za namna moja tupu, jambo linaloonyesha kwamba zote zimefungwa zisinakiliwe. Je, zinaweza kutambulika bila kufutwa?

Jibu
Zinaweza, mkuu. Seli ya usalama, yaani hilo kufuli, huzuia kusomwa kwa safu ya mantiki, lakini saini ya kielektroniki ya mtumiaji, yenye biti 64, yaani baiti 8, husomeka hata chipu ikiwa imefungwa, kwa kuwa iliwekwa mahsusi kwa ajili ya kutunza vitambulisho kama namba ya toleo. Katika faili la JEDEC la 16V8, yaani faili linaloorodhesha fyuzi za chipu kwa namba, itazame kuanzia fyuzi 2056 hadi 2119. Aliyeziandika akiwa mvivu, utakuta patupu.

Muulizaji
Ahsante, nimeipata. Baiti ya kwanza ya zote mbili ni 01001010, yaani J. Ya pili ni 10001100 kwa chipu moja, ambayo si herufi ya ASCII (msimbo wa kawaida wa herufi kwenye kompyuta), na 01001100, yaani L, kwa nyingine. Zilizobaki ni sufuri. Sioni maana yake.

Jibu
Ndugu, umesoma kinyumenyume. Zipo programu zinazotanguliza biti kubwa, yaani yenye thamani kubwa zaidi katika baiti, na zipo zinazotanguliza ndogo. Ukianzia kulia, 01001010 inakuwa 01010010, ambayo ni R. 10001100 inakuwa 00110001, tarakimu 1. Na 01001100 inakuwa 00110010, tarakimu 2. Hizo ni R1 na R2.

Jibu
Nakubaliana na mwenzangu, ila saini hiyo huandikwa na binadamu, na mtu anaweza kubadili mantiki akasahau kubadili saini, kwa hiyo ijaribu R2 kwenye bodi kabla ya kuiamini. Usiichanganye pia na saini ya kiwandani inayotambulisha aina ya chipu na mtengenezaji, ambayo kwa Lattice hubeba msimbo A1 wa heksadesimali. Zaidi ya yote, usiguse amri ya kufuta: itaondoa kufuli, mantiki na saini kwa mpigo mmoja.