Msaada tutani: nimekata mdomo wa dalali, mtaa mzima umenijia juu

Wakuu, habari za muda huu. Nina studio ndogo Ngamiani, Tanga. Riziki yangu ni picha za pasipoti na harusi. Usiku nikishafunga, nachukua picha zilizoharibika nazikata kwa mkasi, kisha nazibandika upya ninavyotaka. Ugonjwa huu nimeutoa kwa wale wasanii wa kundi la Dada, walioanza vituko vyao Zürich mwaka 1916 kwa kuchoshwa na Vita ya Kwanza. Ndiyo vita ileile iliyofika hapa kwetu Novemba 1914, nyuki wakawatandika askari wa Mwingereza.

Sasa juzi nimebandika kazi mlangoni. Nyumba ya Kiswahili yenye baraza, ila penye mlango nimeweka mdomo wa mtu umejaa funguo. Juu: KODI MIEZI SITA MKUPUO. Mdomo niliutoa kwenye picha ya mteja ambaye hakurudi kuchukua. Nikasema nani atamjua mtu kwa mdomo?

Ana jino la dhahabu. Na ni dalali.

Hadi saa mbili asubuhi kijiwe chote cha bodaboda kilishamtambua. Kaja na mjumbe, anataka picha ishuke na nimlipe fidia. Nishushe au nikaze?

MkongeMbichi: Nimefungua uzi nikidhani kuna dada. Ila jino la dhahabu, mkuu! Kaza hapohapo.

BintiChuda: Msimpotoshe mwenzenu. Mtu alikuja kupiga pasipoti, hakuja kugeuzwa mlango. Picha ya mteja ni amana, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022. Shusha, kamwombe radhi mbele ya mjumbe huyohuyo.

MkongeMbichi: Ndiyo maana sanaa haikui nchi hii.

FundiMkasi: Nimesomesha sanaa Bagamoyo, ngoja niseme. Hannah Höch, wa hao hao Dada kule Berlin, alikata magazeti na majarida, na kichwa cha Kaiser, mfalme wa Wajerumani, kilikuwemo. Mwenzake John Heartfield mwaka 1932 alimtoa Hitler kama yuko kwenye eksirei, tumboni na kooni sarafu za dhahabu tupu. Mwaka uliofuata ikabidi akimbilie Prague. Hao walikata wakubwa. Wewe umemkata mtembeza funguo, mwenye nyumba anayedai hiyo miezi sita hayumo hata kwa kidole!

Kama sura zinakuletea kesi, achana nazo. Mpiga picha Man Ray alipanga vitu juu ya karatasi ya picha gizani, akawasha taa kidogo, akasafisha. Karatasi inakuwa nyeusi, palipokaa kitu panabaki peupe. Zile funguo peke yake zingetosha. Kamera huhitaji.

WajaLeo: Weka picha tuione basi, tunashauri gizani.

Mleta uzi: Siweki, WajaLeo, nishaishusha. Jana nimekwenda kwa jamaa na mjumbe, tumekunywa kahawa barazani kwake. Fidia kaniachia. Kumbe jino halikumuuma hata kidogo, kilichomuuma ni maandishi. Anasema yeye anachukua kodi ya mwezi mmoja tu, hiyo sita inakwenda kwa mwenye nyumba, na watu wanamtukana yeye kila siku.

FundiMkasi, umesema kweli. Nimeanza kutafuta picha ya mwenye nyumba wa kukata. Niliyonayo ni moja tu, ya huyu anayenipangisha fremu ya studio, na kodi inaisha mwezi ujao.