Tupeane uzoefu: mshahara wa mwalimu Uholanzi, kabla na baada ya makato

Mwanzisha mada (Rotterdam)

Ndugu wanajamvi, walimu wenzetu wanaofikiria kufundisha Uholanzi, pamoja na waliokwisha kuhamia huko kwa ndoa au masomo, huonyeshwa kwanza tarakimu moja tu, yaani mshahara kabla ya makato, na kwa tarakimu hiyo hupanga pango la nyumba, ada za wadogo zao na fedha za kutuma nyumbani. Naomba walio kazini watueleze mikataba yao inasema nini na benki huingia kiasi gani.

Naanza mwenyewe. Nafundisha shule ya msingi, katika daraja la mshahara liitwalo LB, ngazi ya kwanza kati ya 12. Kwa viwango vya 2025, ngazi hiyo humlipa anayefanya kazi muda wote takriban euro 3,600 kwa mwezi, nami hupokea karibu euro 2,800. Kati ya pengo hilo, euro 220 hivi ni mchango wangu katika mfuko wa pensheni wa ABP, ambako mwajiri hulipa asilimia 70 ya mchango wote na mimi 30. Kwangu hiyo ni akiba, na nasikitika nikisikia mwenzetu akiihesabu kuwa hasara. Kinachosalia ni kodi ya mapato, inayokatwa pamoja na michango ya hifadhi ya jamii. Kiwango cha chini cha kodi hiyo mwaka 2025 kilikuwa asilimia 35.82, lakini kuna nafuu mbili, moja ya kila mlipakodi na nyingine ya kila afanyaye kazi, ambazo hupunguza sana makato ya mwalimu anayeanza.

Mchangiaji wa pili (Den Haag)

Asante kwa kufungua mada hii, mwalimu. Mimi nimo katika shule za msingi tangu enzi ambazo tulilipwa chini ya wenzetu wa sekondari, ingawa shahada ilikuwa ya ngazi ileile. Tarehe 5 Oktoba 2017 tuligoma nchi nzima na kukusanyika Zuiderpark, hapa Den Haag, walimu maelfu kwa maelfu, na pengo hilo halikuzibwa hadi 2022, serikali ilipotenga fedha na walimu wa msingi kuingizwa katika madaraja yaleyale ya sekondari. Anayeanza kwa zile euro 3,600 anakula matunda ya mgomo ule, na ningependa vijana wetu walijue jambo hilo kabla ya kuuliza chama cha walimu kina faida gani.

Sasa nipo ngazi ya mwisho ya LB, ambayo kwa viwango vya 2025 ni kama euro 5,500 kabla ya makato, na mkononi hubaki takriban euro 3,700. Tazameni vizuri hapo: kati ya ngazi ya kwanza na ya mwisho mshahara wa mkataba hupanda kwa euro 1,900 hivi, ilhali mkononi zimeongezeka 900 tu. Sababu ni kwamba kadiri kipato kinavyopanda, zile nafuu mbili hupungua, na mchango wa pensheni nao hukua, hata zaidi ya nusu ya kila nyongeza hukatwa. Ndiyo maana pia posho ya likizo ya asilimia 8, inayolipwa mwezi Mei, pamoja na ile ya mwisho wa mwaka ya asilimia 8.33, hutufikia zikiwa karibu nusu. Msizipangie matumizi kwa tarakimu ya mkataba.

Mchangiaji wa tatu (Eindhoven)

Dada wa Den Haag amegusa jambo linalonihusu kwa upande wake wa pili. Nina watoto wawili wadogo, hivyo nafanya kazi siku tatu kwa wiki, yaani asilimia 60. Mkataba unasema takriban euro 2,170 kwa mwezi, na benki huingia zaidi ya euro 1,900. Kwa maneno mengine, ninafanya kazi asilimia 60 lakini nabaki na karibu asilimia 69 ya kile anachopokea mwenzangu wa ngazi ileile anayefundisha wiki nzima. Kipato hicho kinaniruhusu pia kuomba ruzuku ya bima ya afya. Hata hivyo pensheni nayo hukua kwa asilimia 60 tu, na hilo linanisumbua kuliko mshahara wenyewe.

Mchangiaji wa nne (Utrecht, zamani Mwanza)

Kuhusu bima, waliofundisha serikalini Tanzania wamezoea kuona makato ya NHIF (bima ya afya), PSSSF (pensheni) na HESLB (mkopo wa elimu ya juu) yamekwisha kufanyika kabla ya mshahara kufika benki. Huku bima ya afya haikatwi kwenye mshahara: mnunuzi ni wewe, nayo hugharimu takriban euro 150 au zaidi kwa mwezi, tena kwa 2025 hulipa mwenyewe euro 385 za kwanza za matibabu mengi kabla bima haijaanza kulipa. Kwa hiyo zile 2,800 za mwanzisha mada ni 2,650 hivi kabla hata ya pango.

Mwanzisha mada

Ni kweli kabisa, kaka. Kuna aliyeniuliza faraghani kuhusu msamaha wa kodi wa asilimia 30 kwa wageni, yaani hadi asilimia 30 ya mshahara kulipwa bila kutozwa kodi. Msamaha huo ni wa aliyeajiriwa akiwa bado anaishi zaidi ya kilomita 150 kutoka mpaka wa Uholanzi, kwa hiyo aliyehamia kwanza kwa ndoa ndipo akatafuta kazi haupati. Tena mshahara unaotozwa kodi baada ya msamaha usishuke chini ya euro 46,660 kwa mwaka wa 2025, isipokuwa kwa mwenye umri chini ya miaka 30 na shahada ya uzamili, ambaye kiwango chake ni 35,468. Kwa ngazi za mwanzo za LB, nafasi inayobaki juu ya kiwango hicho cha euro 46,660 ni finyu mno.

Mchangiaji wa tano (Almere)

Nyongeza fupi kwa wanaofundisha shule mbili zenye waajiri tofauti, kama mimi: zile nafuu za kodi huombwa kwa mwajiri mmoja tu, na inafaa awe yule anayelipa zaidi. Ukiziomba kote kuwili, mshahara wa kila mwezi utakuwa mnono, kisha mamlaka ya kodi itakudai tofauti yote mwaka unaofuata.