Baldwin Acrosonic ya bure: niichukue? Na ni kweli watengenezaji walikuwa na benki?

Mwana_Ohio: Habarini wadau. Jirani yangu hapa Ohio anahama, anataka kuniachia piano fupi ya Baldwin Acrosonic. Vibonye vitatu vya katikati ukibonyeza, kimya. Nimechungulia ndani, chini kumejaa vipande vya plastiki vinavyosagika vidoleni. Halafu naambiwa kampuni yenyewe ilifilisika kwa mambo ya benki. Piano na benki wapi na wapi?

Kibodi_tu: Achana nayo dada. Spineti, yaani piano fupi kama hiyo, ni mzigo, nunua ya umeme.

FundiNyuzi: Kibodi_tu una haraka. Dada, hiyo ni spineti, aina ya piano iliyoanza miaka ya 1930, uchumi wa Marekani ulipokuwa hoi. Ili iwe fupi, mitambo ya nyundo zinazogonga nyuzi ilishushwa chini ya usawa wa vibonye, kila kibonye kikaivuta kwa waya. Waya unashikwa na kijipande cha plastiki, ndicho hicho ulichookota. Plastiki za miaka ya 1940 na 1950 zimechoka. Usikubali kubadilishiwa vitatu tu. Viko 88, na vilivyobaki ni rika moja na vilivyokufa. Vipya vipo. Shida ni kuitoa mitambo, waya zote lazima zifunguliwe kwanza, ndiyo maana mafundi wengi wanazikwepa.

Ila Acrosonic, iliyotoka 1936, kwangu ni miongoni mwa spineti chache zenye sauti ya maana.

Benki ni kweli. Dwight Hamilton Baldwin alikuwa mwalimu wa muziki, akafungua duka Cincinnati mwaka 1862. Piano zao zilipata tuzo kuu Paris mwaka 1900. Waliomrithi wakaja kununua benki, kisha bima, mpaka piano zikawa kitu kidogo ndani ya Baldwin-United. Mwaka 1983 ikaanguka na madeni ya mabilioni ya dola. Piano hazikuwa na kosa! Mwaka uliofuata mameneja wa upande wa piano wakaununua upande huo. 2001 wakafilisika tena, Gibson wa magitaa akawachukua.

Mwana_Ohio: Asante sana fundi. Kwa hiyo niichukue?

FundiNyuzi: Kwanza fundi wa huko apime vigingi vinavyokaza nyuzi. Vikiwa vimelegea haitashika sauti hata ubadilishe plastiki zote, mwachie jirani. Vikiwa vimekaza, ichukue.