Mjadala: Picha iliyochorwa kwa masizi ya kibatari ishindane na ya rangi, au isishindane?

Mleta mada:

Wadau, nafundisha Sanaa za Ufundi sekondari hapa Mbeya. Mwezi uliopita nilipeleka kazi nne kwenye mashindano ya wanafunzi. Tatu za rangi ya maji zikapokelewa. Ya nne ikarudishwa kabla haijatundikwa, eti haikuchorwa kwa vifaa vya sanaa. Binti yule aliichora kwa moshi wa kibatari.

Wengi wanaobeza hawajaona kazi yenyewe inavyofanyika. Mwenzake anashika karatasi ngumu juu, uso ukitazama chini. Yeye anapitisha kibatari chini yake, utambi umevutwa ili moto utoe moshi mzito. Ukisogea mno karatasi inaungua, ukikaa mbali moshi unatawanyika bila kushika. Weusi ukikolea, anachukua unyoya wa kuku na ncha ya sindano, anakwangua taratibu kurudisha weupe: mikunjo ya vidole vya bibi yake, kamba za kapu la chai mabegani. Kwao ni Rungwe. Karatasi saba ziliungua kabla ya hiyo moja kukubali, na mpaka leo ukiinusa inatoa harufu ya mafuta ya taa.

Sasa kifaa cha sanaa ni kipi? Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi ya baiskeli kwenye vipande vya hadibodi. Kwa kanuni hii angerudishwa mlangoni. Diane Victor wa Afrika Kusini anachora sura za watu kwa moshi wa mshumaa, wakiwemo watu wanaoishi na VVU. Moshi ule unafutika kwa mguso mmoja tu, na ndiyo maana aliuchagua. Hapo Iringa, Neema Crafts wametengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo, kazi ya mikono ya watu wenye ulemavu, na wageni wananunua. Mbona hao hatuwarudishi?

Mimi nasema jaji apime mkono na jicho la mchoraji. Duka alikonunua vifaa halimhusu. Karibuni.

Mchangiaji:

Mwalimu, heshima yako. Nimewahi kukaa meza ya majaji, na niseme nisichokipenda. Masizi yanapukutika. Ipakie picha hiyo kwenye basi kutoka Mbeya mpaka Dodoma uone itafikaje.

Lakini kinachoniuma zaidi ni kingine. Kwa nini watoto wetu ndio wa masizi na vizibo, na wa shule za pesa ndio wa rangi za mafuta? Tukishangilia sana, kesho mtu wa bajeti atasema shule za huku hazihitaji rangi, si zina vibatari! Halafu kuna hatari watu wakatazama kioja, mchoro wakausahau. Chris Ofili wa Uingereza aliweka kinyesi cha tembo kwenye picha ya Bikira Maria. Ilipoonyeshwa kwenye makumbusho ya Brooklyn mwaka 1999, meya wa New York alitishia kuikatia makumbusho ile fedha. Mabishano yote yakawa juu ya kinyesi. Alichora vipi? Wachache waliuliza. Sitaki binti yako ajulikane kama yule wa masizi.

Mleta mada:

Hapo kwenye rangi umenigusa, mkuu. Darasani kwangu boksi moja la rangi ya maji wanagawana watoto kumi na mmoja. Nitaendelea kuidai rangi hiyo popote nitakaposikilizwa.

Ila binti huyu hakukosa rangi. Nilimpa, akairudisha mezani kwangu. Bibi yake ndiye aliyemlea, na usiku walisoma wote kwa kibatari, bibi akishika taa, mtoto akishika daftari. Alitaka uso wa bibi utokane na moshi uleule. Huo ni uamuzi wa msanii, na alikuwa na sababu. El Anatsui, Mghana aliyefanya kazi zake Nsukka, Nigeria, anaunganisha maelfu ya vifuniko vya chupa za pombe kali kwa waya wa shaba, anapata kitu kinachoning'inia kama kitenge kikubwa. Pombe ya aina hiyo wafanyabiashara wa Ulaya waliileta pwani ya Afrika Magharibi na kuibadilisha kwa watu waliouzwa utumwani. Kifuniko kinabeba habari ambayo kopo la rangi halina. Mwaka 2015 maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, Italia, yakampa tuzo ya Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha yake.

Kuhusu kupukutika: tuliipulizia maziwa yaliyoenguliwa mafuta, kidogokidogo, mara tatu, ikikauka kila mara. Wachoraji wa mkaa wamefanya hivyo tangu zamani. Kisha tukaiwekea kioo. Nilimweleza hayo yote aliyeipokea mlangoni. Habari ya bibi sikuulizwa. Wewe uliyekaa pale mezani, ungeisikia ungeirudisha?

Mchangiaji:

Ningeomba kuiona kwanza. Lakini nikuambie ukweli, Mwalimu, isingenifikia. Fomu tunayopewa ina mistari mitatu: jina la mwanafunzi, shule, aina ya rangi iliyotumika. Mstari wa tatu ukiwa mtupu, karani anaiweka kando.