Naomba ushauri: spika za honi za kujitengenezea, inchi 15 moja au mbili za 12?

NyandaWaIgogo:
Wakuu, habari za jioni. Nipo Mwanza. Naomba ushauri kwa wanaojua maboksi ya spika. Siyo ya muziki wa harusi, ni ya kusikiliza nyumbani.

Marehemu baba aliniachia santuri 64, zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, na amplifaya ya taa (zile taa za vioo za kabla ya transista) ya wati 8 aliyokuwa akiitengeneza kwa mikono yake. Nikiifunga kwenye spika za sabufa za siku hizi inanung'unika tu. Nimesoma kwamba spika ya honi, yenye njia inayopanuka kama tarumbeta mbele yake, haihitaji wati nyingi, nikaamua kujenga mbili za kukaa kwenye kona, zile ambazo honi imekunjwa ndani ya boksi. Swali langu ni moja: kila boksi niweke spika moja ya inchi 15 au mbili za 12? Na nitumie MDF au marini bodi? Naomba majibu mapema, seremala ananisubiri.

Kipepeo255:
Ngoja waje wataalamu. Mimi nimekaa palee nasoma.

DadaWaKirumba:
Kaka, nunua sabufa yenye bluetooth upumzike. Jirani yangu alijenga maboksi makubwa kama kabati la nguo, mpaka leo mke wake anaanikia dagaa juu yake. Na huo muziki wenu wa usiku sisi wenye watoto wachanga tunauona moto.

FundiBesi:
Mleta uzi hajauliza sabufa. Mkuu, umefikiri vizuri. Spika ya kawaida ya nyumbani, kwa wati 1 ukiwa mita 1, hutoa kama desibeli 86 hadi 90. Honi nzuri inapita 100. Kila desibeli 10 ni sawa na kuzidisha wati mara 10, kwa hiyo wati 8 za mzee zinatosha na kubaki.

Weka moja ya inchi 15 yenye sumaku nzito. Mbili za 12 zina eneo kubwa kidogo, lakini kuzibana kwenye chemba moja ya nyuma, ile nafasi iliyofungwa nyuma ya spika, ni kazi ya kukusumbua bure.

Sasa sikiliza hesabu, maana honi haibahatishwi. Tuseme unataka besi ishuke hadi hezi 50. Wimbi la hezi 50 lina urefu wa karibu mita 6.9. Honi inayoning'inia hewani ingetaka mdomo, ule mwisho wake mpana, ambao mzunguko wake ni huohuo, yaani duara la upana wa mita 2.2. Hakuna nyumba ya kawaida inayobeba hilo. Ukiiweka kwenye kona, sakafu na kuta mbili zinafanya kazi ya mdomo, na wewe unabaki kujenga sehemu moja ya nane tu, kama nusu mita ya mraba. Koo, ule mwanzo mwembamba kwenye spika, likiwa sentimita za mraba 200, njia ya ndani inatakiwa iongeze eneo maradufu kila baada ya sentimita 38, na urefu wote unakuja kama mita 1.7. Ndiyo maana tunaikunja.

Umeona kona inavyobeba mzigo? Kwa hiyo na mimi nakuuliza: chumba chako kipoje? Una kona mbili zilizo wazi, kuta nzima, bila mlango karibu?

NyandaWaIgogo:
Asante sana FundiBesi, umenifungua macho. Chumba kipo vizuri, tofali za saruji. Tuje kwenye ubao, MDF au marini bodi?

SeremalaBuzuruga:
MDF kwa huku ziwani? Usithubutu. Niliwajengea kwaya moja maboksi manne ya spika ya MDF, nikayapaka rangi vizuri kabisa. Masika ya kwanza tu, chini kukavimba kama mkate uliolowekwa kwenye chai, skrubu zikawa zinachomoka kwa vidole. Sikulala. Nilirudia mawili kwa hela yangu. Chukua marini bodi ya milimita 18, gundi ya maji kila kiungo, skrubu kila baada ya sentimita 15, na ndani ya chemba ya nyuma zungushia silikoni. Hiyo chemba ikivuja hata kidogo, besi yako imekwenda. Ukimaliza, piga besi taratibu na upitishe kijiti cha udi kwenye viungo. Moshi ukicheza, hapo kuna tundu.

Halafu umesema seremala anakusubiri. Ameshakata?

NyandaWaIgogo:
Nimeshanunua bodi nane za marini. Nne zimekatwa za boksi la kwanza. Ndiyo maana nasema suala la kujenga mbili limeshapita, mnisaidie kwenye spika.

FundiBesi:
Mkuu, swali la kona hujanijibu. Nakuuliza tena kwa nia njema.

NyandaWaIgogo:
Sawa. Kona ya kushoto ni nzima. Ya kulia ina jiwe.

Kipepeo255:
Jiwe la kusagia au?

NyandaWaIgogo:
Jiwe la mlima. Nyumba yetu ipo juu kule Igogo, baba aliijenga kati ya mawe. Hakuwa na hela ya kulipasua lile moja, akajengea ukuta juu yake na sehemu ikabaki sebuleni. Linaanza usawa wa dirisha, linateremka hadi mita moja na kitu kutoka ukutani. Tulikuwa tunalikalia wakati wa kula, pale juu pamelainika na kung'aa kwa kukaliwa. Masika linatoka jasho.

Lakini mimi naona halina shida. Jiwe ni gumu kuliko tofali, sauti haiwezi kupenya. Na hata likiwa na shida, nimeshawapa wapasua mawe 80,000 ya kutangulia, wanaanza Jumatatu kwa tindo na nyundo. Kwa hiyo kona itakuwepo.

FundiBesi:
Ugumu wake ni faida, hapo upo sahihi. Hata mabonde na vinundu vyake si tatizo, kwa wimbi la karibu mita 7 kinundu cha kiganja hakionekani kabisa. Tatizo ni ule mteremko. Unajaza kona, boksi litakaa mbali na kuta, na honi itakatikia hewani kabla haijafika mwisho. Na chini ya hezi inazoweza kubeba, honi haiishiki spika tena, karatasi ya spika inaruka ovyo mpaka inachanika. Kushoto besi itajaa, kulia itakuwa inapiga kelele za bati.

Ila kupasua jiwe ndani ya nyumba hilo sikulishauri mimi.

MzeeWaBugando:
Kijana, mwangaluka. Hapa muziki tuuweke pembeni kwanza. Nyumba ni ya nani?

NyandaWaIgogo:
Shikamoo mzee. Ya mama.

MzeeWaBugando:
Marahaba. Yupo hai? Anajua?

NyandaWaIgogo:
Yupo, analala chumba cha pili. Bado sijamwambia. Nilitaka akute imeshamalizika, asikie tu sauti ya santuri za baba kama alivyozisikia ukumbini enzi zao. Mzee, mimi sifanyi hivi kwa starehe.

MzeeWaBugando:
Nia yako naiheshimu. Lakini mwanangu, mama hafanyiwi mshtuko wa nyundo kwenye ukuta aliojengewa na mumewe.

MamaKulwa:
Nimezaliwa Mabatini, mawe nayajua. Jirani yetu alipasua la uani apate choo. Walilichoma magogo siku mbili, wakamwagia maji, likalia kama bunduki. Jiwe likafunguka kweli, na ukuta wa nyumba ya juu nao ukafunguka. Kumbe yale mawe yalikuwa yameshikana chini kwa chini. Kesi ilimalizwa kwa mwenyekiti wa mtaa, na mpaka leo zile nyumba mbili hazisalimiani. Uliza kwanza jiwe lako limebeba nini.

Mchunguzi:
Wakuu mnapoteza bando. Hii ni chai, tena ya maziwa na tangawizi. Mwanzo kasema "chumba kipo vizuri", sasa sebule ina mlima. Mara baba marehemu, mara mama haambiwi, mara amplifaya ya taa. Kuna mtu anakaa mahali anatunga. Nimeishi Dar miaka yote sijaona jiwe linakula ugali na familia.

Kipepeo255:
Hahaha, Mchunguzi bwana. Ila na mimi nilianza kunusa tangawizi.

MamaKulwa:
Dar kuna mchanga, utayaona wapi? Panda daladala, simama mjini, inua macho kule milimani. Zile nyumba unafikiri zimekaa juu ya nini?

DadaWaKirumba:
Kwa shangazi yangu Bugarika jiwe lipo jikoni, anawekea ndoo za maji. Hilo la jiwe naliamini. La amplifaya ya taa ndiyo silijui.

NyandaWaIgogo:
Mchunguzi, nilisema chumba kipo vizuri kwa sababu kwangu kipo vizuri. Nimekulia humo. Nilijua nikitaja jiwe tu mtaniambia niache, na nimeweka akiba miezi kumi na nne. Amplifaya ipo hapa mbele yangu. Ina taa mbili kubwa na tatu ndogo, kubwa moja baba aliiandika tarehe kwa peni nyekundu siku aliyoibadilisha. Ikiwaka inachukua kama nusu dakika kabla haijatoa sauti, na vumbi likiungua juu ya zile taa ndiyo harufu yake baba. Sina sababu ya kuja kutunga hapa.

Mchunguzi:
Hilo la kusubiri nusu dakika ni kweli, redio ya babu ilikuwa hivyo. Naondoa chai. Samahani mkuu, pole kwa kufiwa.

MsafiriWaUkerewe:
Nimesoma uzi wote nasubiri mtu aulize, hakuna. NyandaWaIgogo, hizo santuri ni za miaka gani? Soma karatasi ya katikati, zimeandikwa mono au stirio?

NyandaWaIgogo:
Nyingi ni za miaka ya sitini mwishoni na sabini, zilichapwa Nairobi. Sikuwahi kuangalia. Ina maana gani?

MsafiriWaUkerewe:
Ina maana kubwa kuliko jiwe. Mono ni sauti ya njia moja. Ukiweka spika mbili, zote zinasema jambo lilelile. Yule Paul Klipsch wa Hope, Arkansas, ambaye kuna spika ya honi ya kwenye kona yenye jina lake, alianzisha kampuni yake mwaka 1946. Santuri za stirio zilianza kuuzwa 1958. Miaka yote hiyo katikati mtu aliweka honi moja, kona moja, na nyumba ikajaa.

Amplifaya yenyewe ya wati 8 inawezekana ni ya njia moja. Ina sehemu ngapi za kufunga spika?

NyandaWaIgogo:
Moja.

FundiBesi:
Yesu wangu. Na mimi nikaenda moja kwa moja kwenye hezi! Asante Msafiri. Mkuu, kama sindano yako ni ya stirio, unganisha kushoto na kulia kabla ya amplifaya. Mikwaruzo mingi ya santuri za zamani itapungua palepale.

NyandaWaIgogo:
Nimezitoa zote sakafuni, nimezisoma kwa tochi ya simu mama asiamke. Kati ya 64, zilizoandikwa stirio ni tatu.

Alfajiri nateremka kwa wapasua mawe. Wakirudisha hata nusu nitashukuru.

SeremalaBuzuruga:
Zile bodi nne ambazo hazijakatwa usiziache zilale chini, zisimamishe kwenye kivuli. Nazichukua kwa bei uliyonunulia, nina kazi ya kabati. Na hilo boksi moja lililobaki, nitapanda Igogo Jumamosi tulifunge pamoja. Ile kona ya kushoto ipo wazi?

NyandaWaIgogo:
Kuna kabati la vyombo la mama. La tangu ameolewa. Asubuhi nikimpelekea chai ndiyo nitamwomba.