Eti pikipiki yangu haihitaji diski, inahitaji SANDA!

Wakuu, naandika kwa kidole kimoja. Kingine kina lengelenge. Nitaeleza.

Yule fundi mnamjua, msijifanye. Yule wa "njoo kesho jioni", ambaye kesho yake haijafika tangu awamu ya pili.

Nina Honda CG125 ya mwaka 1979, niliachiwa na marehemu mzee. Kiki moja inawaka. Tatizo ni breki ya mbele, ile ya drami inayovutwa na waya: unashika Mwenge, unasimama Morocco. Mvua ikinyesha ndiyo unasoma dua kabisa.

Nikasema niweke breki ya diski, ile inayosukumwa na oili. Nikanunua mtumba mguu mzima wa mbele: shokapu zenye masikio ya kufungia kalipa (kile kibanio cha diski), rimu na diski yake, masta silinda (pampu ya oili kwenye usukani), hosi. Kazi ya siku moja. Amekaa nayo wiki tatu!

Leo nimeichukua. Mita mia mbili tu, breki imeshika yenyewe. Sijaigusa! Diski inanuka kama pasi iliyosahauliwa kwenye shati, na mimi kwa akili zangu timamu nikaigusa kwa kidole. Gurudumu halizunguki. Nikaiburuta hadi kwake saa saba mchana, kama mbuzi anayejua anakopelekwa.

Namuuliza umeweka oili gani, ananionyesha kopo. Oili ya powa stelingi, ya usukani wa gari! Na mfuniko wa masta silinda umechongwa maandishi kabisa, aina ya oili ya breki: DOT 3 au DOT 4. Namwonyesha. Hajauangalia hata. Amegeukia bodaboda sita na mama wa chai, akasema: "Mzee, pikipiki hii haihitaji diski. Inahitaji sanda."

SANDA. Mama wa chai kacheka hadi kamwaga chai. Chai yangu, nimeshailipia!

Siongelei hela. Laki mbili na nusu, lakini siongelei hela. Mtu amevaa ndala zisizofanana ananiambia mimi sanda?

Kobe Hana Haraka: Pole mkuu. Nimecheka hadi nimemwamsha mtoto. Sanda ya mita ngapi?

Mtoa mada: Nilijua tu utakuja wewe.

Spoki Iliyolegea: Utani pembeni. Ile mipira ya breki haipatani na oili ya powa, inavimba. Ikivimba oili hairudi kwenye masta, ndiyo maana imeshika. Usimwage tu ukaweka DOT 4. Badilisha mipira yote ya kalipa na masta, hosi pia, kisha utoe upepo kwenye njia ya oili taratibu. Na ukimwaga DOT 4 kwenye tangi futa haraka, inakula rangi.

Mtoa mada: Asante mkuu. Lakini umesoma alichosema? Mbele ya mama wa chai?

Spoki Iliyolegea: Nimesoma. Kwa breki za waya alikuwa hajakosea sana.

Bwana Harusi Mstaafu: Wewe una nafuu. Fundi cherehani wangu kanishonea suruali ya harusi, mguu mmoja umeishia kwenye kifundo, mwingine unafagia ukumbi. Namuuliza, ananiambia miguu yangu ndiyo hailingani.

Kobe Hana Haraka: Ukaivaa?

Bwana Harusi Mstaafu: Ningefanyaje? Picha zote nimepigwa nimekaa.

Mama Kibubu: Si yule mwembamba, anayeweka pini mdomoni huku anakudanganya? Ana kitambaa changu cha Iddi ya mwaka juzi.

Mtoa mada: Jamani, huu uzi ni wa breki.

Mama Kibubu: Baba, subiri kidogo. Bwana Harusi, wewe alikurudishia vipande vilivyobaki?

Bwana Harusi Mstaafu: Vipande gani! Kaniambia kitambaa kilirudi. Kilirudi wapi, kwao?